Shikamoo, Mimi wa Baadaye

Jumatatu, 4 Machi
Ninaandika shajara hii kwa sababu moja: siku nitakapokuwa profesa, watu watataka kujua nilianzaje, na sipendi wahangaike. Mwanzo wenyewe ndio huu. Mhitimu wa daraja la kwanza, ukiacha alama mbili zilizopungua. Msaidizi wa muda katika maabara ya ubongo, mlango wa pili kushoto baada ya choo.

Nafasi ya kudumu ni moja. Wasaidizi wa muda ni wawili: mimi na binti ninayemwita Kalamu Mbili, kwa kuwa hutembea na mbili, moja isije ikakauka. Dalili ya mtu asiyejiamini. Profesa, mama wa sauti ndogo na maneno machache, ametugawia hojaji ishirini zilizojazwa kila mmoja. Anataka muhtasari wa kila hojaji Ijumaa saa sita mchana, ndipo aamue nani anabaki.

Akatueleza na utafiti wenyewe. Mtu akijifikiria alivyo leo, sehemu ya mbele ya ubongo huchangamka. Akijifikiria atakavyokuwa miaka mingi ijayo, kwa wengi hupoa, kana kwamba wanamfikiria mtu baki. Ndiyo maana, akasema, watu humtwisha huyo wa baadaye kila wasilolitaka leo.

Niliwasikitikia sana watu hao.

Mimi ni tofauti, na nitathibitisha. Mmoja wa waliojitolea amejitoa. Nimeomba niingie kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo badala yake, Jumatano. Profesa akiuona ubongo wangu, habari ya nafasi imekwisha. Hojaji nimezifungia droo ya chini, na karatasi juu yake: "Kwa Mheshimiwa Mimi wa Alhamisi. Kwa utekelezaji."

Jumanne, 5 Machi
Mazoezi. Nimesimama mbele ya kioo cha sebuleni kwa shangazi, ninakoishi, ili nizoeane na Mimi wa miaka thelathini ijayo. Likazuka suala la itifaki: nani amwamkie nani? Yeye ni mtu mzima, mwenye cheo na, naamini, kitambi cha heshima. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba kwa sauti nzito. Tukazoeana haraka ajabu.

Shangazi akauliza kutoka jikoni ni mgeni gani huyo, maana chai ni ya watu wawili. Nilipomweleza, akataka kujua kama mzee huyo anaweza kuifunga bawaba ya mlango wa uani, niliyomwahidi tangu Januari. Mlango sasa unashikiliwa na tofali. Nikamjulisha kwamba suala hilo liko kwa Mimi wa Jumamosi. Akasema anamwonea huruma sana huyo wa Jumamosi, amepewa Jumamosi tisa na hajalala.

Shangazi hana elimu ya ubongo.

Jumatano, 6 Machi
Siku ya mashine. Fundi wake, kijana mcheshi mwenye viatu vya raba, aliniagiza nivue mkanda, nitoe funguo, nilale chali nisitikisike. Hata taya, alisisitiza. Taya ikicheza, picha inaharibika.

Nililala kama gogo. Yakaja maneno kwenye kioo kidogo juu ya macho yangu: Wewe wa leo, je, ni mkarimu? Nikabonyeza ndiyo. Hodari? Ndiyo. Mvivu? Nilicheka kwa ndani tu, kitaalamu.

Kisha likaja: Wewe, baada ya miaka thelathini. Naye akatokea kichwani mwangu, suti na kila kitu. Sasa mimi niliyelelewa vizuri, nimlalie chali mkubwa wangu bila hata salamu? Nikasema shikamoo. Na kichwa nikakiinamisha kidogo.

Sauti ya fundi ikauliza kwenye kipaza sauti namwamkia nani humo ndani. Akaniomba nitulie. Swali lililofuata, mzee akarudi, nami nikarudia. Mara sita. Mara ya sita fundi aliitikia marahaba mwenyewe, yaishe.

Profesa alikuwa nyuma ya dirisha la kioo, kwenye chumba cha fundi. Kalamu Mbili pia, akiandika. Alitumia kalamu zote mbili.

Alhamisi, 7 Machi
Majibu. Fundi alinionyesha picha chache zilizosalimika. Ninapojifikiria leo, mbele ya ubongo panawaka kama ukumbi wa harusi. Ninapomfikiria Mheshimiwa wa baadaye, giza. Ninapomfikiria mtu nisiyemjua kabisa, giza pia, ila lenye afadhali kidogo.

Fundi akaniambia, "Kaka, huyu mzee wako ubongo wako haumjui. Mpita njia unamjua zaidi."

Nilimfafanulia kwamba huo ni unyenyekevu. Ubongo wenye adabu hunyamaza mbele ya mkubwa. Akakohoa muda mrefu.

Kalamu Mbili akanifuata mezani kuniuliza hojaji zimefikia wapi. Yeye amemaliza jana, akaomba anisaidie nusu. Nikaona mtego. Nikamshukuru, nikamwambia kazi hiyo ina mwenyewe.

Nikafungua droo. Hojaji zote ishirini zilikuwepo. Mheshimiwa wa Alhamisi alikuwa amechoshwa na mjadala wa kisayansi wa asubuhi. Nikafuta "Alhamisi", nikaandika "Ijumaa, alfajiri".

Ijumaa, 8 Machi
Mheshimiwa wa Ijumaa aliamka saa mbili. Hadi saa sita kamili alikuwa amemaliza hojaji nne. Sina neno naye, lakini nilimtarajia makubwa.

Nafasi amepewa Kalamu Mbili.

Niliketi ofisini kwa Profesa nikiwa nimenyooka. Akasema kwa sauti yake ndogo kwamba hizo nne zimeandikwa vizuri kuliko alivyotegemea, na kwamba hilo ndilo linalomuudhi. Nikikamilisha kumi na sita zilizobaki na kumkabidhi Jumatatu saa tatu asubuhi, ataniombea miezi mitatu chini ya Kalamu Mbili. La sivyo nirudishe kitambulisho. Kisha akaomba ruhusa ya kuwaonyesha wanafunzi wake picha za ubongo wangu. Katika miaka yake yote hajapata kuona pengo kubwa kiasi hicho kati ya mtu na yeye mwenyewe.

Ruhusa nimeitoa kwa maandishi. Mhadhara mzima kuhusu mimi, na sijafika hata miaka ishirini na sita.

Jumamosi, 9 Machi
Mlango wa uani umeanguka. Nimelihamisha tofali, sasa linazuia mlango usiteleze.  Shangazi alichukua chai yake akaenda kunywea nje, ambako sasa kunaonekana vizuri.

Siku nzima nimeandaa maneno machache ya kuwaambia wanafunzi, endapo wataomba nisimame. Kurasa saba.

Zile kumi na sita nimezipanga vizuri mezani maabarani, pamoja na bawaba na misumari yake, na karatasi mpya juu: "Kwa Mheshimiwa Mimi wa Jumatatu." Nimemwandikia kwa upole kwamba naujua uwezo wake. Tutakutana hapo mezani Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi, nusu saa kabla ya Profesa. Nitamwamkia mimi. Yeye ni mkubwa wangu kwa siku mbili.