Saruji ya Bi Tabu

Jumatatu, 3 Februari 2025
Watu wa makadirio ya kodi wanafika Kibiti keshokutwa! Duka langu la vifaa vya ujenzi limejaa hadi mlangoni: saruji mifuko sitini, mabati, rangi. Mwaka jana walinikadiria kama tajiri. Mimi, tajiri? Tajiri ana magari mawili. Mimi ninayo mawili, lakini moja halina injini.

Nimepata wazo. Nyuma ya duka anaishi Bi Tabu, mjane, muuza vitumbua. Ana chumba kitupu uani. Nani atamkagua muuza vitumbua? Nimemwambia paa langu linavuja, anihifadhie mzigo siku tatu. Amekubali, wala hakutaka malipo. Watu wasio na kitu wana roho nzuri sana.

Jumanne, 4 Februari
Tumehamisha mzigo. Mgongo unaniuma. Mke wangu Kudra kauliza kwa nini tusilipe tu kama watu wengine. Nikamwambia mambo ya serikali hayajui. Kisha nikamlalamikia kuwa mtaro mbele ya duka umeziba na halmashauri haijali. Kanitazama sana. Sijui kwa nini.

Jumatano, 5 Februari
Nimevaa kanzu iliyotoboka. Rafu tupu! Afisa, dada mmoja mpole aitwaye Nasra, ameandika kidogo sana, akanipa pole. Nikafuta chozi. Nimefaulu!

Jioni. Sikufaulu. Nasra alishikwa na njaa, akaenda kununua vitumbua. Mlango wa chumba cha uani ulikuwa wazi, akauona mzigo. Bi Tabu akaeleza kuwa mali ni yangu. Nikaitwa. Watu wamejaa.

“Mzee Mfaume, mzigo huu ni wako?” Nasra akauliza.

Bi Tabu ananitazama, unga mikononi.

“Sijawahi kuuona,” nikasema.

Vitumbua vikaungua kikaangoni.

Alhamisi, 6 Februari
Bi Tabu amekadiriwa kama mwenye duka. Vitumbua vya mwaka mzima havifikii kodi hiyo. Amelia mbele ya Kudra. Kudra hakupika. Tumboni nina kitu kinaniuma. Njaa, nadhani.

Ijumaa, 7 Februari
Baada ya sala nimekwenda kuchukua mzigo wangu kimyakimya. Chumba kimefungwa. Bi Tabu kaniambia taratibu, mbele ya wateja: “Bwana Mfaume, mali hujawahi kuiona, utaichukuaje?”

Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Akasema ana mashahidi ishirini waliosikia nikikana, na yeye mwenyewe ni mmoja wao.

Jumapili, 9 Februari
Bi Tabu anauza saruji! Bei yake ni chini ya yangu, na kila mnunuzi anapewa risiti. Fundi Ismaily amechukua mifuko kumi. Kudra anamsaidia kupima misumari. Anasema kodi italipwa kabla ya mwezi kwisha.

Nimekaa nikatafakari. Kosa langu nimeliona waziwazi: mali nilimpa mtu mwenye shida. Mtu mwenye shida hawezi kutunza siri. Binamu yangu Bashiru wa Mchukwi ana nyumba tatu, na kodi anaichukia kuliko mimi. Kesho naandikisha nyumba, kiwanja na gari lenye injini kwa jina lake. Nitaonekana sina kitu kabisa!

Nimempigia simu. Amekubali kabla sijamaliza kueleza.