Shingo Iliyokataa Kugusa Mhimili

Jumatatu, 3 Machi
Shajara yangu, salamu nyingi. Hujambo? Mimi mzima, ila kichwa chauma kwa hesabu. Chuo cha ufundi kinataka mwalimu wa ushonaji. Mmoja tu! Sharti ufaulu hesabu ya darasa la jioni, mtihani Alhamisi. Tunagombea mimi na wifi yangu, ambaye cherehani yake inatazamana na yangu.

Leo grafu ya kipeo cha pili. Itakata wapi mhimili wa y? Weka sifuri penye x. Wa x? Weka sifuri penye y, kisha tafuta. Mwalimu kachora x² − 5x + 6. Ikakata y kwenye 6, x kwenye 2 na 3. Wifi akaandika mbio mbio. Mimi nikatazama tu. Ile si grafu. Ni shingo ya gauni!

Jumanne, 4 Machi
Shingo hukatwa kwa kigezo, si kwa hesabu. Nimenakili ile ya ubaoni kwenye karatasi ya miraba, nikaikata kwenye boksi la viatu. Nimeificha ndani ya kitabu cha sala. Nimetubu mapema, Alhamisi nisipoteze muda.

Jumatano, 5 Machi
Wifi kaniona. Kauliza hesabu hiyo nitaitia zipu au vifungo. Nikamwambia mbio za sakafuni huishia ukingoni. Kisha nikamwombea dua. Kwa sauti, asikie.

Alhamisi, 6 Machi
Mtihani! x² − 4x + 5. Nukta ya chini kabisa mwalimu kaiweka mwenyewe kwenye karatasi zetu za miraba. Nikafungua kitabu cha sala, nikainamisha kichwa, nikalaza kigezo. Y ikakatwa kwenye 5. Mungu mwema! Lakini shingo ikaning'inia hewani, mraba mzima juu ya mhimili wa x. Nguo gani isiyomgusa mvaaji? Mwalimu kakosea, maskini, macho ya utu uzima. Nikamsitiri. Nikashusha kigezo mraba mmoja. Ikagusa kwenye 2. Nikafuta 5, nikaandika 4.

Ijumaa, 7 Machi
Majibu yametoka. Y ni kwenye 5. X haikatwi popote! Eti grafu nyingine hazishuki hadi huko. Wifi katafuta namba, hakuipata, akaandika hakuna. Kwa kukosa, kapata kazi! Mwalimu kauliza ile 4 nimeitoa wapi. Nikasema kwa imani. Wifi kanipa pole, eti nijiandikishe chuoni anifundishe, na boksi langu nisilisahau.

Lakini kosa nimeliona, shajara yangu. Kigezo kilikuwa kimoja! Marudio ni Juni, na chuo hakikosi kutaka msaidizi. Tayari nimekata vitatu: kidogo, cha kati, kikubwa. Kimoja lazima kiguse. Waonaje? Naomba unijibu upesi.