Kasuku Anaingia Darasani, Pomboo Hawezi

Jumatatu, 6 Mei
Unisamehe, shajara. Tangu mutoto azaliwe sijakuandikia. Kunyonyesha, kufua, kusinzia nimesimama. Leo kuna jambo. Mwalimu amempa Julie wangu kasuku, na Wenceslas wa jirani Eugénie pomboo. Kila mmoja aeleze akili ya mnyama wake. Mshindi atasema mbele ya wazazi siku ya fete, sherehe ya shule. Mwaka jana Julie alisahau shairi, wakamcheka. Safari hii anataka sana kushinda. Nami nataka kumpita Eugénie. Kidogo tu.

Jumanne, 7 Mei
Eugénie amepita na simu yake kubwa. Eti kila pomboo ana mluzi wake, kama jina, na wenzake humwita kwa mluzi huo. Nikamwambia vizuri, mama Wenceslas, basi umulete darasani. Ziwa letu halina pomboo hata mmoja.
Nimeazima kasuku wa muzee Musafiri, dereva. Wa kijivu, mkia mwekundu. Atasema "Julie ana akili." Julie anasema haina haja, ameshajiandaa. Nimemwambia ale chakula.

Alhamisi, 9 Mei
Kasuku kimya. Nimerudia jina la Julie mpaka mutoto akaamka. Nimechoka, nikakaa karibu ya tundu nikilalamika juu ya Eugénie siku nzima. Kasuku anasikiliza vizuri. Kumpita mume wangu.

Ijumaa, 10 Mei
Darasani. Nikafunua tundu. Kasuku akasema, kwa sauti yangu kabisa: "Eugénie huyo! Simu kubwa, sufuria tupu." Akarudia. Eugénie alikuwa benchi la mbele.
Julie akasimama. Hakusahau neno. Akasema kasuku anaiga sauti za watu, pomboo naye anaiga mluzi wa mwenzake. Wote wanajifunza kwa kusikia, ndiyo sababu nyumbani tuchunge midomo. Wakapiga makofi.
Mwalimu ameamua Julie na Wenceslas waseme pamoja. Eugénie amekataa: hakuna mazoezi mpaka niombe radhi. Julie amelia njia nzima.

Jumamosi, 11 Mei
Julie anasema niende tu, ni mlango wa pili. Mutoto hajui mambo ya wakubwa. Nimepata njia bora: ataenda kasuku. Tangu asubuhi namfundisha "Pardon, mama Wenceslas." Katikati nasema na mengine, maana yule mwanamke kweli amezidi.
Dada Mapendo wa Bukavu anitumie: karanga zisizo na chumvi, kitambaa kizito cha kufunika tundu, sabuni ya mutoto, na simu. Kubwa kuliko ya Eugénie.