Ukungu Uliokosa Pa Kukaa

Jumatatu, 2 Juni
Baridi ya kukata masikio. Mizabibu yangu imeshika ukungu tena, mwaka wa tatu sasa! Majani meupe kama yamemwagiwa unga. Chama cha wakulima kimesema mkaguzi anakuja Ijumaa. Akiona doa moja tu, nanyang'anywa shamba, apewe shemeji. Kaka wa mke wangu! Ameshaanza kupita akipima mistari yangu kwa hatua. Thubutu!

Jumanne, 3 Juni
Nimemwendea bibi jirani. Zabibu zake nyekundu za mvinyo haziugui, wala baridi haizitishi. Kanipa vipandikizi bure. Ila kanishika mkono, akasema niache mstari mmoja wa mizabibu yangu dhaifu, maana ukungu lazima uwe na pa kukaa. Nikaitikia ndiyo bibi, ndiyo bibi. Wazee bwana! Nimeng'oa yote, sikubakiza hata shina, nikapanda vipandikizi vyake shamba zima. Mstari mzima niuachie ukungu, kwani ni mpangaji wangu?

Jumatano, 4 Juni
Vipandikizi vya jana vimenifika kiunoni! Furaha tupu, ingawa shamba liko kimya. Hakuna ndege. Hakuna hata nzi. Viatu vyangu vimeota unga mweupe, na mkate pia. Mke wangu kauliza kulikoni. Nikamwambia ni hali ya hewa.

Alhamisi, 5 Juni
Vichala vimejaa, vyekundu hadi vinaelekea weusi. Nikipita katikati, majani yananigeukia. Polepole, yote kwa pamoja. Sikukimbia. Nilitembea haraka tu. Mke wangu ana unga kwenye vidole, anasugua, unarudi. Anasema anaogopa, twende kwa bibi tukaombe radhi. Nikamsihi avumilie mpaka kesho. Nani anaomba radhi siku moja kabla ya ushindi?

Ijumaa, 6 Juni
Nimeshinda! Mkaguzi hakuona doa hata moja. Kasaini mbiombio, kakataa kunipa mkono, kaondoka kasahau kofia. Shemeji naye kaja, akamkuta dada yake kaketi dirishani, mweupe mpaka shingoni, hapepesi macho. Kamwita mara tatu, wala hakuitika. Shemeji akaangua kilio. Wivu huo, jamani! Mtu mzima na ndevu zake, analilia shamba la mwenzake! Nimempangusa mke wangu shavu. Baridi kama jiwe. Nikamwambia apumzike vizuri leo, kesho tuna kazi, tunapanda ekari ya pili.