Kano ya Pili

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Balaa! Lakiri mpya za makontena ni ngumu, hazifungi mpaka uzibane kwa kidole gumba. Bwana Kiti, mkuu wetu hapa bohari ya Shimanzi, ametangaza kwamba Alhamisi makarani wote tutapimwa nguvu za gumba. Asiyefikisha kilo sita hana kazi. Nami bado niko kwenye miezi ya majaribio! Jefwa, karani mwenzangu, akainua gumba lake tulitazame. Penye kifundo cha mkono zikatokeza kano mbili, nene kama kamba. Nikainua langu chini ya meza. Moja! Nimehesabu mara tisa.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimesoma. Kweli wapo watu waliozaliwa bila kano hiyo. Sikusoma zaidi, nikazima simu. Lakini nina hila. Dada yangu Haifa huwapamba maharusi hapa kwetu Kibokoni. Nikamwomba anichoree kano ya pili kwa piko, ile rangi nyeusi ya maharusi. Akaniuliza kama nimepagawa. Nikamwambia kazi ikipotea, ni yeye atakayenilisha. Akachora upesi. Na kivuli chake! Kazi safi.

Jumatano, 8 Oktoba
Sikukumbuka kwamba mwanamume mwenye piko ni bwana harusi. Auma wa mapokezi alipiga kigelegele hadi malori yakaitikia kwa honi. Bwana Kiti akanipa mkono wa heri, akaubana. Jefwa akauliza baba mkwe ni nani, ampelekee rambirambi. Sikukanusha. Mkono unawasha.

Alhamisi, 9 Oktoba
Mkono umevimba kama andazi. Kano zote mbili, ya Mungu na ya Haifa, hazionekani. Muuguzi, Bi Loise, akasema basi nibane kifaa cha kupimia kwa gumba la kushoto. Nikafumba macho, nikasoma dua zote ninazozijua. Kilo saba na nusu! Jefwa, sita kamili, jasho linamtoka. Nikamnong'oneza Bi Loise habari ya piko. Akaligeuza gumba langu, akasema hata huku kano moja, na si kitu. Wengine wana moja, wengine mbili, wengine zaidi. Nguvu ni msuli na jinsi unavyovuta. Kifaa hakitazami sura, kaka. Akanionya nisijipake tena kitu kwa woga. Nikaapa.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimethibitishwa kazini! Bwana Kiti anauliza harusi lini. Nimesema bado tunashauriana. Kisha akabandika tangazo: Jumatatu tunapimwa macho.
Nimemtazama Jefwa. Ana macho makubwa, kope ndefu. Yangu madogo.
Nimemwomba Haifa wanja. Mwingi.