Malalamiko Kuhusu Taa Zinazowashwa na Rubani

Steinfeld, Dakota Kaskazini

Kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Uwanja wa Ndege

Bibi Lorna Wiest,

Naomba radhi kwa kukaa kimya tangu mkutano wa kiangazi. Nilisubiri hasira ipoe ili niandike kwa adabu. Haijapoa, na fundi ameshafukia nyaya.

Napinga taa mpya za uwanja wetu kwa sababu hizi:

1. Zinawashwa na mgeni. Rubani akiwa bado mawinguni hubofya redio yake, uwanja mzima ukawaka. Hajabisha hodi wala kusalimu mtu.

2. Nyaya za zamani zililiwa na sungura. Za sasa zimo ndani ya mabomba ya chuma, na sungura wamehamia kwenye kabichi zangu. Kamati haikunishauri.

3. Taa za zamani zilipokufa, ndege ya wagonjwa ikija gizani, majirani tulipanga pikapu kando ya njia ya ndege na kuimulika. Ndege ikishaondoka, hakuna aliyekimbilia kwake. Verna Hoffer aligawa kahawa na pai, tukazungumza. Katika wilaya hii mtu hamtembelei mwenzake bila sababu, na tangu mke wangu afariki, sababu yangu ilikuwa hiyo tu. Duane, mume wa Verna, alinicheka mbele ya watu: "Mwalimu, kama ni pai unataka, sema pai. Usiwasingizie sungura."

4. Kwa hiyo naomba taa zikatwe umeme. Ikishindikana, ziharibike mara kwa mara, hasa siku za Alhamisi, ambapo sina kazi.

Nisalimie wajumbe wote, na fundi pia, ambaye sina ugomvi naye. Kamati ikishaamua nitakuandikia, kwa shukrani au vinginevyo.

Wako kwa heshima,
Alvin Schoenrock
Mwalimu mstaafu

Nyongeza: Jana jioni Duane alipata mshtuko wa moyo. Mji mzima ulikuwa umekwenda kutazama mpira mji wa jirani. Pikapu pekee iliyofika uwanjani ilikuwa yangu, na taa yake moja haiwaki. Rubani akabofya redio. Taa zikawaka, safu mbili, ndege ikashuka katikati yake. Ziacheni kama zilivyo. Leo Duane amenipigia simu kutoka hospitali, kwa sauti ndogo: "Mwalimu, nikirudi uje nyumbani tukae. Usingoje mpaka mtu augue."