Ziwa Mliloliweka Chini ya Kamati Yetu ya Maji

Kamati ya Maji,
Kitongoji cha Msungwe, juu ya Nanyala,
Mbozi.
14 Septemba 2011

Ndugu Zahoro,
Mwenye Studio Mng'aro,
Tunduma.

YAH: KUONDOLEWA KWA ZIWA

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe na familia yako. Sisi huku hatujambo, ila tuna kiu.

Mimi ni Tusekile, katibu wa kamati iliyotajwa hapo juu. Mwezi wa saba ulimtuma fundi wako, Twaibu, aje atupige picha kando ya pampu yetu ya mkono, ambayo haijatoa hata tone tangu mwaka juzi. Picha ilikuwa ya kuambatanishwa na ombi letu la kuchimbiwa kisima kirefu. Tulisimama watu wanane, na mwenyekiti wetu, Mzee Osea, akashika bango aliloliandika mwenyewe kwa mkaa: HATUNA MAJI. Picha ilikwenda ofisi ya maji ya wilaya ndani ya bahasha iliyofungwa, na kamati iliiona kwa mara ya kwanza iliporudishwa pamoja na majibu.

Katika picha hiyo tumesimama ukingoni mwa ziwa.

Najua kazi yenu inavyofanyika. Picha inanakiliwa, nakala inageuzwa kichwa chini, inatiwa mawimbi madogo na rangi ya samawati, halafu inaunganishwa na miguu ya wenyewe. Najua pia kwamba kila picha kubwa mnaitilia maji bure, kama zawadi ya studio, na ndiyo maana maharusi wote wa Tunduma wamesimama juu ya maji, hata waliopigiwa picha kwenye maegesho ya malori. Sina ugomvi na maharusi. Malalamiko yetu ni haya:

1. Bango linasomeka vizuri mikononi mwa Mzee Osea, kisha linasomeka tena ndani ya maji, kichwa chini, likitikisika. Watu wanane walio chini ya maji wanasema hawana maji. Kama ningekuwa mimi ndiye ofisa, nami ningecheka.

2. Ofisa hakucheka. Alijibu kwa barua yenye muhuri kwamba ombi letu limehamishwa kutoka jalada la visima kwenda jalada la mafuriko, na akatushauri tuhamie sehemu ya mwinuko. Ndugu Zahoro, tunaishi kileleni. Juu yetu kuna kahawa ya Mzee Osea, na juu ya kahawa kuna mawingu, ambayo nayo hayajatusaidia.

3. Wiki iliyopita alikuja bwana mmoja wa uvuvi na kijiti cha kupimia kina. Aliuliza kwa adabu sana mitumbwi yetu tunaifunga wapi, hata Mzee Osea akaona aibu kumrudisha bila jibu, akamwonyesha shamba la mahindi. Bwana yule alilizunguka lote. Ameandika kwamba maji yamepungua kidogo.

4. Mama yangu, Marita, anatembea saa mbili kwenda mtoni na saa tatu kurudi, kwa sababu kurudi ni kupanda. Sasa wanawake wa bondeni wamesikia habari za picha. Akitokea tu na ndoo yake wanamwita: "Karibu, mama wa ziwani! Umeshiba samaki, umefuata nini kwenye matope yetu?" Anacheka nao. Akifika nyumbani anatua ndoo na kujifungia ndani mpaka jioni.

5. Maombi ya visima yanafungwa tarehe 30 mwezi huu. Tusipopeleka picha kavu kabla ya siku hiyo, tutangoja miaka mingine mitatu, na magoti ya mama hayana miaka mitatu.

Kwa hiyo kamati inaomba utume ile picha ya kwanza, kabla haijatiwa ziwa.

Kama hilo haliwezekani, basi tunaomba maji yenyewe. Twaibu anajisifu kwamba kuleta ziwa kunamchukua dakika nne na mausi ya kompyuta. Wachimbaji wa kisima wanahitaji wiki tatu na mtambo. Nimepima kwa rula, nikilinganisha na urefu wa Mzee Osea, nikapata lita zisizopungua elfu thelathini, tena safi, maana ndani yake pampu inaonekana mpaka mwisho wa mkono wake. Tangi letu tumeshalisugua. Tafadhali tuelekeze bomba lianzie kona ipi ya picha. Na kwa kuwa fundi anayeleta maji bila kuchimba ni mtu adimu, kamati iko tayari kumpendekeza Twaibu awe mhandisi wa maji wa wilaya nzima, naye akipewa cheo hicho asisahau alikoanzia.

Msalimie mkeo Sabra, na Yassir wa pale mapokezini, na wateja wenu wote popote waliposimama, pakavu au majini. Kamati nzima inakusalimu, wote wanane, na wale wanane wengine.

Wako katika ukame,
Tusekile
Katibu

Nyongeza: Barua iliyo juu imesomwa mbele ya kamati na kupitishwa. Haya ninayaandika peke yangu.

Niliyekuja studio kuichukua picha ni mimi. Twaibu alinionyesha mbili kwenye kompyuta, akaniuliza, "Dada, tusafishe ipi?" Katika ile kavu nilikuwa na vumbi hadi magotini na uso wa mtu aliyechoka kungoja. Katika ile nyingine, yule msichana wa ndani ya maji alikuwa mrefu, anametameta, hadaiwi chochote na mtu yeyote. Nilimtazama mpaka Twaibu akakohoa. Nikasema huyu. Akauliza, "Na hii kavu je?" Nikasema ifute.

Kwa hiyo picha tunayoidai haipo, na kosa si la studio. Kamati haijui. Mama hajui, na kesho ni zamu yake ya mtoni.

Naomba umtume Twaibu na kamera Jumatano ijayo. Kabla hajafika nitakuwa nimeshawaambia wote, nikianza na mama. Nitasimama mbele, na mwambie asiikate miguu.